Jinsi ya Kumweka Shoga Kwenye Gemu Bila Mtu Kumwona

Mwongozo huu ni wa kijana wa Kitale au Bungoma aliyejifunza kuandika programu, akanunua kompyuta ya mtumba, na sasa anataka kutengeneza gemu inayotokea kati ya miji hii miwili. Wazo ni zuri. Barabara ipo tayari: Kitale, Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, Bungoma. Maadui wapo: madalali wa mahindi, viwavijeshi, na askari wa trafiki aliyesimama mahali ambapo hukumtarajia. Hata zawadi ya mwisho ipo, nayo ni kulipwa pesa za mahindi yako kabla msimu mwingine wa kupanda haujafika. Kinachomkosesha usingizi kijana huyu ni jambo moja tu. Amesikia kwamba gemu za siku hizi zina mashoga, wasagaji na wale wanaopenda huku na huku, naye hajui wake atamweka wapi.

Asihofu. Makampuni ya Marekani, Japani na Ufaransa yamelishughulikia suala hili kwa zaidi ya miaka 35, na yamegundua njia nyingi za kumwingiza mtu kama huyo kwenye gemu asionekane. Ripoti ya mwaka 2024 ya GLAAD, shirika la Marekani linalofuatilia jinsi watu hawa wanavyoonyeshwa, ilisema kwamba 17% ya wachezaji wa gemu nchini humo ni wa kundi hilo, ilhali gemu zenye maudhui yanayowahusu hazifiki 2% ya zile zinazouzwa kwa mashine za michezo. Mafanikio makubwa hivyo hayaji kwa bahati. Ni ufundi, na ufundi hufundishika.

Vifaa utakavyohitaji

Unahitaji wahusika wawili. Wa kwanza mwite Wekesa, kwa kuwa alizaliwa wakati wa mavuno. Ana miaka 26, ana ekari mbili nje ya Kiminini, amepanda mbegu za Kenya Seed, ana deni la mbolea, na anampenda Kiprono, fundi wa pikipiki wa Kitale. Wa pili ni dadake Nafula, aliyezaliwa mvua ikinyesha. Anafundisha shule ya msingi karibu na Chwele. Zamani alimpenda kijana mmoja wa Kimilili. Sasa anampenda muuguzi wa Webuye, naye muuguzi ni mwanamke.

Umewachora? Wana nyuso, wana sauti, wana madeni? Vizuri. Sasa tuwapoteze.

Hatua ya kwanza: Mfanye kichekesho

Hii ndiyo njia ya wazee wetu wa fani. Mwaka 1988 Nintendo ilipouza Super Mario Bros. 2 nchini Marekani, kijitabu cha maelezo kilimtaja adui mmoja aitwaye Birdo, kikasema kwamba ni dume anayejiona jike na angependa aitwe Birdetta. Basi. Hakuna kingine kilichoelezwa juu ya maisha yake, isipokuwa kwamba anatema mayai. Mwaka uliofuata Capcom ikatoa Final Fight, na ndani yake mlikuwa na Poison, adui mwenye nywele za waridi na kaptura fupi. Watengenezaji walihofia kwamba Wamarekani hawatapenda kuona mwanamke akipigwa mateke. Wakapata dawa: wakasema Poison si mwanamke hasa, kwa hiyo apigwe tu. Gemu hiyo ilipohamishiwa Super Nintendo kule Marekani, Poison aliondolewa kabisa na wanaume wakawekwa mahali pake.

Msomaji makini atasema kwamba mtu kujiona mwanamke ni jambo moja, na mtu kumpenda wa jinsia yake ni jingine. Ni kweli, lakini katika hatua hii hutakiwi kulijua hilo. Changanya vyote kwenye sufuria moja. Mpe Wekesa sauti nyembamba, kiuno kisichotulia na kioo cha mkononi. Katika kibanda cha PlayStation pale Kanduyi, kati ya kinyozi na wakala wa M-Pesa, vijana watacheka, watabonyeza kitufe na kupita. Hakuna atakayeuliza deni la mbolea limefikia ngapi, maana aliyefanywa kichekesho hadaiwi na mtu.

Hatua ya pili: Mweke kwenye jina, pedi mpe mwingine

Kama una ujasiri, liandike neno lenyewe juu ya jalada. Rockstar ilifanya hivyo mwaka 2009 kwa nyongeza ya Grand Theft Auto IV iliyoitwa The Ballad of Gay Tony. Ukilisoma jina hilo utadhani umepata hadithi ya Tony. Ukiiwasha unagundua kwamba wewe ni Luis Lopez, mlinzi wake, kijana shupavu anayependa wanawake. Tony mwenyewe ana vilabu vya usiku, madeni, vidonge na machozi, na kazi yako ni kumwokoa kila anapojiingiza mashakani. Mpenzi wake Evan anauawa kwa sababu ya almasi, hadithi inaendelea kama kawaida, na Luis ana risasi za kupiga.

Somo ni rahisi. Mtu anaweza kuwa kwenye jalada bila kuwa mikononi mwa mchezaji. Iite gemu yako Wekesa wa Kiminini ukipenda, ilimradi anayeendeshwa kwa pedi awe binamu yake, dereva wa matatu, anayemfokea Wekesa kila asubuhi ajikaze.

Hatua ya tatu: Mfiche nyuma ya kitufe

Nafula, kwa kuwa amependa pande zote mbili, ndiye mhusika rahisi zaidi kwa fundi. Hahitaji hadithi. Anahitaji kitufe. Mchezaji akibonyeza juu, Nafula anampenda mwalimu mkuu. Akibonyeza chini, anampenda muuguzi wa Webuye. Asipobonyeza popote, Nafula anafundisha hesabu hadi gemu iishe. Fallout 2 iliruhusu ndoa ya jinsia moja mwaka 1998 kwa mtindo huu, na mchezaji aliyepita njia nyingine hakujua kamwe kwamba mlango huo upo. Kampuni inapata sifa kwa wanaotaka kuona, na amani kwa wasiotaka.

Tahadhari moja tu: kitufe ukishakitoa, usimletee mchezaji mawazo ya nyumbani kwao. Ubisoft iliteleza hapo. Katika Assassin's Creed Odyssey ya mwaka 2018, inayotokea Ugiriki ya kale, mchezaji alichagua kuwa Alexios au Kassandra na akapenda amtakaye, mwanamume au mwanamke, kwa makumi ya saa. Januari 2019 ikaja sura ya nyongeza. Ghafla, hata kama ulikuwa umempa Alexios maisha ya kupenda wanaume peke yao, sura hiyo ilimtafutia mwanamke na mtoto ili ukoo uendelee. Mwanamke huyo, bila utani wowote, anaitwa Neema. Juu ya hayo mchezaji alipewa tuzo yenye jina la Kiingereza lenye maana ya kukua na kupata akili. Shangazi yeyote wa Kimilili angeitambua hotuba hiyo: umecheza vya kutosha, sasa tuletee mjukuu. Wachezaji walikasirika, kampuni ikaomba radhi na kubadilisha jina la tuzo. Kosa halikuwa kwenye mawazo ya shangazi. Kosa lilikuwa kuyaandika kwenye skrini.

Hatua ya nne: Mtangaze pesa zikishaingia

Mwaka 2015 Mortal Kombat X ilifika hadi vibanda vyetu. Humo mna Kung Jin, mpiga mishale aliyekuwa mwizi kabla ya kuwa mtawa wa Shaolin. Katika onyesho fupi anasita kujiunga na watawa kwa hofu kwamba hatakubalika, na Raiden, mungu wa radi, anamjulisha kwamba hapo hawajali moyo wake unamtaka nani. Sekunde chache, sentensi moja, kisha vita. Wachezaji walipouliza, mmoja wa watengenezaji akathibitisha kwenye Twitter kwamba naam, Kung Jin anapenda wanaume. Fikiria ni vijana wangapi wa Kitale wamemchagua Kung Jin kwa sababu ya upinde wake, wakampasua mtu fuvu kwa ushindi, wakarudi nyumbani salama bila kujua walikuwa na nani.

Blizzard iliikamilisha mbinu hii. Katika Overwatch wahusika hukimbia na kupigana tu. Kwamba Tracer, yule msichana aliye kwenye jalada, ana mpenzi wa kike, ilielezwa katika kitabu cha katuni cha Desemba 2016, na kitabu hicho hakikufunguka nchini Urusi. Kwamba mwanajeshi mzee, Soldier: 76, aliwahi kumpenda mwanamume, ilielezwa Januari 2019 katika hadithi fupi ya kusoma. Aliyecheza bila kusoma hakuguswa na lolote.

Fanya hivyo hivyo. Acha Wekesa alime na kuvuna kimya. Mwaka mmoja baada ya mauzo, andika ujumbe mfupi usiku, watu wakiwa wamelala, useme kwamba yule fundi wa pikipiki aliyekuwa akipita shambani kila Jumamosi hakuwa akija kutazama pikipiki. Kisha zima simu.

Hatua ya tano: Hakikisha amefiwa, au anajuta

Ikikulazimu kuonyesha mapenzi yenyewe, yaonyeshe yakiwa yamekwisha. The Last of Us ya mwaka 2013 inasifiwa kwa kumleta Bill, mwanamume mgumu anayeishi peke yake katika mji uliojaa watu walioambukizwa na kugeuka wakali. Bill alikuwa na mpenzi, Frank. Wakati tunapomwona Frank, ameshajinyonga, na amemwachia Bill barua ya kumwambia jinsi alivyomchukia. Huo ndio ushahidi wa mapenzi: maiti moja na barua ya matusi.

Life is Strange ya mwaka 2015, kutoka Ufaransa, ina wasichana wawili, Max na Chloe, ambao mchezaji anaweza kuwasogeza karibu polepole. Mwisho unamtaka achague: ama Chloe afe, ama kimbunga kiusombe mji mzima. Hakuna chaguo la tatu la wawili hawa kuhamia mji mwingine na kufungua duka la simu.

Hapa sisi Wakenya tunastahili pongezi, kwani hatua hii tuliifikia wenyewe bila hata kumiliki kampuni kubwa ya gemu. Filamu ya Wanuri Kahiu, Rafiki, iliyotokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, ilikuwa ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi kuonyeshwa kwenye tamasha la Cannes, mwaka 2018. Bodi ya Uainishaji wa Filamu iliipiga marufuku nyumbani Aprili mwaka huo. Mwongozaji alieleza kwamba kilichokuwa kikiwasumbua wakubwa hasa ni mwisho wake: ulikuwa na matumaini mno, haukuonyesha majuto ya kutosha. Angekubali kuubadilisha, pengine ingepita na alama ya umri. Septemba Mahakama Kuu iliiruhusu kwa siku 7 tu, na kumbi za Nairobi zikajaa. Kwa hiyo andika kwenye daftari lako: si mapenzi yanayokatazwa, ni mapenzi yanayoamka asubuhi yakiwa mazima. Kiprono apate ajali Kamukuywa. Nafula ajute mvuani. Ukimaliza, weka muziki wa huzuni.

Hatua ya sita: Tengeneza gemu mbili

Mwaka 1989 mwanamke mmoja wa California, C.M. Ralph, alitengeneza Caper in the Castro. Mpelelezi wake, Tracker McDyke, ni msagaji, na anamtafuta rafiki yake aliyetekwa nyara katika mtaa wa Castro, San Francisco. Ralph aliigawa bure, akiwaomba wachezaji wachangie mashirika yaliyopambana na UKIMWI, uliokuwa ukiwamaliza marafiki zake. Halafu akafanya jambo ambalo kila mfanyabiashara wa Bungoma atalielewa: akabadilisha majina na mahusiano, akaiita Murder on Main Street, na toleo hilo likauzwa madukani. Fumbo ni lile lile, mhalifu ni yule yule, ila hakuna tena wa kuwatia watu wasiwasi. Gemu ya kwanza inayojulikana ya aina hii, basi, ilizaliwa ikiwa na pacha wake wa kuuzwa.

Nchi nzima pia inaweza kupewa toleo lake. Mwaka 2014 Urusi iliiwekea The Sims 4 alama ya watu wazima kwa sababu ndani yake watu wa jinsia moja wanaweza kuoana. Mwaka 2016 FIFA 17 iliwapa wachezaji jezi ya rangi za upinde wa mvua, kuunga mkono kampeni ya Uingereza dhidi ya chuki viwanjani. Wabunge wa Urusi wakaandika barua wakitaka gemu hiyo ichunguzwe. Kumbuka ilikuwa jezi. Jezi haina mpenzi, haina kitanda, haibusu mtu. Lakini ukifanya kazi na wabunge, usiwahi kudhani kwamba kitu ni kidogo mno kwao.

Njia ya Japani ndiyo ya kistaarabu zaidi. Gemu ya kilimo Story of Seasons: Friends of Mineral Town, ilipotolewa upya mwaka 2019, iliruhusu wanaume wawili au wanawake wawili kuishi pamoja kama mke na mume. Nje ya Japani jambo hilo liliitwa ndoa. Nyumbani liliitwa urafiki wa dhati. Kitanda ni kile kile. Kijiji chochote cha Bungoma kina marafiki wa dhati wa namna hiyo, na hakuna anayewauliza kitu maadamu wanalipa michango ya harusi za wengine.

Hatua ya saba: Ijue Bodi yako

Kabla ya kuuza, pima gemu yako kwa vipimo vya hapa. Juni 2017 Bodi ilipiga marufuku katuni sita za watoto, zikiwemo The Loud House, Hey Arnold! na The Legend of Korra, kwa madai ya kueneza ushoga. Novemba mwaka huo zilisambaa picha za simba wawili madume wa Maasai Mara, mmoja akiwa juu ya mwingine. Mkuu wa Bodi wa wakati huo akasema wanyama hao wanahitaji ushauri nasaha, na kwamba huenda wameiga watu walioenda mbugani na kufanya mabaya. Kama gemu yako ina wanyama, watenganishe mapema. Sitatunga wa Saiwa wakae dume upande mmoja wa kinamasi, jike upande mwingine, na lori la polisi katikati.

Damu isikutie wasiwasi. Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004 inachezwa na watoto wanaolazimika kupanda juu ya kreti ya soda ili waione skrini. Wanaiba magari, wanakanyaga wapita njia, wanawapiga polisi kwa virungu, kisha wanaitwa chakula cha jioni. Kanuni ya soko letu ni fupi: damu hupita, busu hukwama.

Sheria nayo isomwe kwa makini. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinatishia kifungo cha hadi miaka 14, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Februari 2023 Mahakama ya Juu, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba watetezi wa haki za watu hawa wana haki ya kusajili shirika lao. Kwa hiyo Wekesa anaweza kusajili shirika, kukodi ofisi karibu na stendi ya Kitale, kuandika katiba na kuteua mweka hazina. Kumpenda Kiprono ndiko kwenye matatizo. Ukiweza kuitia hali hiyo kwenye gemu, utakuwa umetengeneza fumbo gumu kuliko yote, na hakuna mchezaji atakayelimaliza.

Makosa ya kuepuka

Kosa la kwanza ni kumwachia kazi kijana mgeni. The Sims ilipokuwa ikitengenezwa, wakubwa walikuwa wameamua kuachana na mapenzi ya jinsia moja. Mwanaprogramu mpya, Patrick Barrett, alipewa waraka wa zamani ambao haukuwa na uamuzi huo. Akaandika kama alivyoelekezwa: mtu ampende amtakaye. Mwaka 1999, kwenye maonyesho makubwa ya E3, gemu ilionyeshwa kwa waandishi wa habari ikiwa na harusi, na wageni wake walikuwa wengi mno kwa mtu kuwaongoza mmoja mmoja. Wanawake wawili kati ya wageni hao wakabusiana bila kuamriwa na mtu. Kila mtu aliona. Gemu ilitoka mwaka 2000 ikiwa hivyo hivyo, ikauzwa sana, jambo baya kwa wenye hofu na zuri mno kwa kampuni.

Kosa la pili ni kumpa baba. Katika Dragon Age: Inquisition ya mwaka 2014 kuna Dorian, mchawi mwenye maringo na maneno makali, kazi ya mwandishi David Gaider ambaye mwenyewe ni shoga. Baba yake alitaka kutumia uchawi wa damu kumgeuza apende wanawake. Wanapokutana, hawarushiani moto. Wanaongea, na mchezaji anasimama kando akisikiliza baba na mwana walioumizana. Usijaribu jambo hili. Baba wa Wekesa, mzee wa kanisa pale Lugulu, akifunga siku tatu kwa ajili ya mwanawe, akamleta mhubiri, akamleta na mganga kwa mlango wa nyuma, kisha akaketi naye nje jioni bila la kusema, wachezaji watamwona baba yao. Mtu akishamwona baba yake kwenye skrini, hacheki tena.

Kosa la tatu ni kumpa ukoo. Usithubutu kumpitisha Wekesa kwenye tohara ya Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili, njuga zikilia mikononi, mjomba akimchinjia fahali, matope ya mtoni yakimkauka mwilini alfajiri, naye akisimama bila kupepesa jicho. Bakoki wake, wale waliosimama naye mwaka huo, watamjua maisha yote. Ukishafanya hivyo, hutaweza tena kusema kwamba alitoka ng'ambo kwa ndege.

Kosa la nne ndilo baya kuliko yote: kumpa kazi. Mmarekani Eric Barone alijifungia peke yake kwa zaidi ya miaka minne akatengeneza Stardew Valley, iliyotoka mwaka 2016. Ni gemu ya kilimo. Unarithi shamba la babu, unalima, unavua samaki, unazoeana na wanakijiji, na ukitaka kuoa au kuolewa unachagua mmoja kati ya 12 walio tayari. Wote 12 wanakubali, uwe mwanamume au mwanamke. Hakuna hotuba, hakuna anayeanguka akazimia. Meya Lewis anafungisha ndoa, kijiji kizima kinahudhuria, na kesho yake mazao yanataka maji. Nakala zaidi ya milioni 40 zimeuzwa. Mkulima wa Trans Nzoia atapinga mambo mengi humo: hakuna dalali, hakuna foleni ya lori kwenye bohari la nafaka, mahindi yanachumwa tena na tena kwenye shina moja kama nyanya. Ndoa haitamsumbua. Atakuwa bado ameduwaa kwenye mahindi.

Na usijitetee kwamba hadithi za kwetu hazina soko. Mwaka 2024 Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, alitoa Tales of Kenzera: Zau, gemu yenye sauti za Kiswahili, aliyoitunga kutokana na msiba wa baba yake. Hakuna mapenzi ya jinsia moja humo. Kuna mtu mmoja na uchungu wake halisi, na wachezaji wa nchi nyingi waliulipia uchungu huo.

Dalili kwamba umeshindwa

Peleka gemu yako kwenye kibanda chochote, Kitale au Kanduyi, ukae nyuma usikilize. Ukisikia yafuatayo, hali ni mbaya.

Kijana amemwoza Wekesa kwa Kiprono kwa sababu matengenezo ya pikipiki sasa ni bure. Mwingine anamlaumu kwamba angemchukua mwenye trekta.

Mwenye kibanda anataka kujua kwa nini Nafula hajaenda kumwona mama yake tangu mvua zianze, na anamwambia mchezaji ampeleke hata kama hana nauli, apande lori la miwa.

Wawili wanabishana kwa sauti. Ubishi wao hauhusu Wekesa analala na nani. Unahusu kama alifanya vyema kuuza gorogoro kwa gorogoro barabarani au angengoja bei ya serikali.

Hapo fanya haraka. Rudi Hatua ya Kwanza usiku huo huo, mpe sauti nyembamba, mnyang'anye shamba, futa mbolea, baba na mjomba. Kumwondoa mtu kwenye gemu ni kazi ya saa chache kwa fundi yeyote. Kumwondoa kwa watu waliokwisha kumkopesha mbolea ni kazi nyingine kabisa, na hakuna kampuni, bodi wala bunge lililowahi kuiweza. Ndiyo maana unashauriwa uwahi.